SHUBIRI MOJA KUZAA KUMI
Jinsi ya kugawa na kuzalisha mimea ya majani manene nyumbani

Katika ukurasa huu wa kilimo tunataka kuzungumza juu ya mmea ambao karibu kila mtu anaujua, lakini ni wachache wanaojua namna ya kuuzalisha. Mmea huo ni shubiri.

Mtu akionja kitu kibaya husema ni kichungu kama shubiri. Lakini hata na uchungu wake, huku kwetu nyanda kame shubiri ni rafiki wa nyumba. Mtoto akiungua kidogo kwa chai, mama anakata jani na kumpaka utomvu wa ndani. Kuku wakianza kusinzia, jani linakatwakatwa na kutiwa ndani ya maji yao. Wakamba huiita kiluma, Wamaasai osuguroi, Waturkana echuchuka, na Wajaluo ogaka. Mmea wenye majina mengi hivyo ni mmea ambao wazee wetu waliujua na kuutumia toka zamani.

Sasa kuna jambo linalotusumbua. Tukitembelea vikundi vya akina mama tunaona shubiri ya mlimani inapungua. Mtu akitaka shubiri ya kupanda nyumbani, anachukua jembe, anapanda mlima na kung'oa mmea mzima pamoja na mizizi yake. Ukimfia, anarudi tena kung'oa mwingine. Na kumbe jirani yake ana shubiri karibu na choo ambayo imezungukwa na watoto kumi, wanasongamana hata hawana pa kukua!

Ndiyo sababu tumeamua kuandika makala haya. Hakuna haja ya kumaliza mlima. Mimea tunayoihitaji tunaweza kuizalisha wenyewe, bila kununua kitu.

KWA NINI TUUACHE MLIMA

Shubiri ya porini imekuwa na maadui wengi. Kwa miaka mingi watu walikata majani, wakakinga ule utomvu wa manjano, wakauchemsha mpaka ukawa gundi nyeusi, na wafanyabiashara wakaja kuununua. Mahali pengi Baringo, Laikipia na Samburu kazi hii iliwasaidia watu wakati wa njaa, lakini mimea iliumia. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri ya porini. Biashara haikufa, ila iliendelea kwa kujificha, na yule aliyekata majani alilipwa kidogo sana. Baadaye, mwaka 2007, serikali ilitoa kanuni za shubiri, ili anayetaka kufanya biashara afuate utaratibu na kupata kibali kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS.

Pia kuna mkataba wa mataifa unaoitwa CITES, unaochunga biashara ya mimea na wanyama walio katika hatari. Shubiri za aina zote zimo ndani ya mkataba huo, isipokuwa ile moja inayoitwa Aloe vera, ambayo asili yake ni Arabuni na siku hizi inapandwa dunia nzima. Kwa hivyo kama kikundi chenu kinafikiria kuuza, hata kama ni ya shambani, tafadhali ulizeni ofisi ya KWS iliyo karibu kabla ya kukata jani la kwanza. Ile ya kutumia nyumbani, pandeni kwa amani.

MMEA HUU UNAISHI NAMNA GANI

Ukielewa tabia ya shubiri, kazi yote inakuwa rahisi. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana, na jua linapochoma, maji yanapotea kwa hivyo vitundu. Shubiri hufanya kinyume. Mchana inafunga, na usiku kukiwa baridi ndipo inafungua kuvuta hewa. Maji yake imeyaweka akiba ndani ya jani nene, kama vile sisi tunavyoweka kwenye mtungi.

Maana yake ni hii: mtoto wa shubiri akitengwa na mama yake hafi kiu haraka. Ana akiba yake. Kinachomuua ni uozo. Pale alipokatwa pana jeraha bichi, na jeraha hilo likiwekwa kwenye udongo wenye maji, uozo unaingia kabla mizizi haijatoka.

Sisi wenyewe tulijifunza hili kwa hasara. Wakati mmoja tulipewa watoto ishirini wa shubiri. Tukawapanda siku ile ile, halafu tukawanywesha asubuhi na jioni kama sukuma wiki. Tulidhani tunafanya wema. Baada ya wiki tatu, ukivuta jani linakuja lenyewe mkononi, na chini ni uozo wa rangi ya kahawia wenye harufu mbaya. Walibaki wanne. Lakini mama mmoja wa kikundi alikuwa amesahau wake watano chini ya ghala kwa muda wa siku kumi. Alipowakumbuka walikuwa wamesinyaa kidogo, akawapanda tu kwa sababu hakutaka kuwatupa. Wote watano walishika! Tangu siku hiyo tumeshika neno moja: jeraha likauke kwanza. Haraka haraka haina baraka.

VITU VYA KUTAYARISHA

Hakuna kitu cha duka hapa. Tafuta kisu kikali au wembe, jembe dogo au panga, majivu makavu au makaa yaliyosagwa, na mikebe ya kupandia. Mkebe wa Kimbo unafaa, jerikeni lililokatwa linafaa, hata sufuria iliyozeeka. Muhimu ni kutoboa matundu chini, manne au matano, ili maji yasisimame.

Udongo wake uwe mwepesi. Changanya karai mbili za mchanga wa mto, karai moja ya udongo wa shamba, na nusu karai ya mbolea ya zizini iliyooza sawasawa. Mbolea mbichi itaunguza mizizi. Ukishika udongo huo ukiwa na unyevu na kuufinya, unapofungua mkono unatakiwa kumomonyoka. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

Wakati mzuri ni wiki chache kabla ya mvua, yaani mwisho wa Februari kwa mvua ndefu, na Septemba kwa mvua fupi. Mvua ikija, watoto watakuwa wamekwisha kushika.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua mtoto aliyekomaa. Awe na majani manne au zaidi, na kimo cha shibiri moja, yaani tokea kidole gumba mpaka kidole cha mwisho mkono ukiwa wazi. (Usichanganye shibiri na shubiri!) Mtoto mdogo sana hana akiba ya kutosha, mwache anyonye kwa mama yake.

2. Usimwagilie mmea mama kwa siku tatu au nne kabla ya kazi. Udongo mkavu unaachana na mizizi bila kuing'oa.

3. Fukua pole pole kuzunguka mtoto mpaka uone pale anaposhikana na mama. Usivute kwa nguvu. Mara nyingi utakuta ameshaanza kutoa mizizi yake mwenyewe. Huyo ndiye bora.

4. Kata kwa kisu safi, mkato mmoja. Kabla ya kuanza, na kila ukihamia mmea mwingine, pitisha kisu kwenye moto au kipanguse kwa spiriti, kwa sababu kisu kichafu hubeba ugonjwa kutoka mmea hadi mwingine.

5. Paka majivu au unga wa makaa pale palipokatwa, kwa mtoto na kwa mama pia. Kisha mrudishie mama udongo wake. Yeye naye asipewe maji kwa wiki moja.

6. Sasa ngoja. Walaze watoto mahali penye kivuli na hewa, kama kwenye baraza au chini ya ghala, kwa siku tatu hadi saba. Kama jeraha ni kubwa, ngoja hata siku kumi. Gusa kwa kidole: pakiwa pagumu na pakavu kama kovu, wako tayari.

7. Panda kwa kina cha kumfanya asimame tu. Majani yasizikwe. Kama anaanguka, mwegemeze kwa vijiwe viwili.

8. Ngoja tena karibu wiki moja bila maji. Halafu mwagilia mara moja vizuri, na usirudie mpaka udongo ukauke. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Ukisikia unyevu, weka kopo chini, leo si siku yake.

9. Mweke kwenye kivuli chepesi. Baada ya wiki tatu hadi sita, mguse taratibu. Akikataa kutikisika, au ukiona jani jipya katikati, ujue ameshika. Hapo mwanze kumzoesha jua, kwanza la asubuhi, kisha la siku nzima.

Ukimpeleka shambani, panda kwa nafasi ya hatua moja kubwa. Penye mteremko, panda kwa safu zinazokata mteremko, si zinazoshuka nao. Mizizi itashika udongo, na maji ya mvua yatatembea polepole.

SHUBIRI ISIYO NA WATOTO

Wengine mtasema, "Mbona yangu imekaa miaka na haijazaa?" Ni kweli. Shubiri zina tabia mbalimbali. Ile ya Turkana huota kwa mafungu na kuzaa watoto wengi. Lakini ile iliyoenea sana katika nyanda zetu, ambayo wataalamu huiita Aloe secundiflora, kwa kawaida husimama peke yake. Hiyo tunaizalisha kwa mbegu.

Ngoja maua yaanguke na vile vikasha viwe vya rangi ya kahawia. Kabla havijapasuka vyenyewe, vifunge kwa kitambaa chepesi, kwa sababu mbegu zina mabawa na upepo utazichukua. Sia juu ya udongo wenye mchanga mwingi, funika kwa tabaka jembamba sana la mchanga, weka kivulini na unyunyizie maji ili udongo uwe na unyevu kidogo. Nyingi huchipuka katika muda wa wiki moja hadi nne. Miche hii ni midogo na inaenda polepole, kwa hivyo ihamishe tu ikiwa na majani manne au matano.

Hapa kuna siri moja. Shubiri nyingi hazipati mbegu kwa chavua yake yenyewe, zinahitaji mmea mwingine, na nyuki au ndege chozi wa kuibeba. Na watoto waliotengwa kutoka mama mmoja wote ni mmea ule ule mmoja, hata wakiwa mia. Kwa hivyo kikundi kisichukue watoto wote kutoka boma moja. Chukueni kwa mama watatu au wanne tofauti. Ugonjwa ukiingia pia, hautawakuta wote wakiwa sawa.

Na tafadhali, usijaribu kupanda jani la shubiri. Tumeona watu wengi wakifanya hivyo. Litakaa kijani siku nyingi likikudanganya, halafu litaoza.

NDUGU WENGINE WA BOMA

Njia hii ya kukata, kukausha na kupanda inafaa kwa mimea mingine ya majani manene.

Katani hutoa watoto pembeni, na mwisho wa maisha yake husimamisha mlingoti mrefu wenye vitoto vingi sana juu. Kisha mmea hufa. Vitoto hivyo vikianguka vikusanye, viweke kitaluni, na baadaye vipande kama ua. Mkulima asidharau kidogo. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya katani kutoka Florida, Marekani, kuvileta Tanganyika. Njiani vingi vilikufa, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga.

Mkonge pori, ule Wamaasai wanaouita oldupai, una shina linalotambaa chini ya udongo. Fukua, kata shina katika vipande, kila kipande kiwe na majani na mizizi, kausha na upande. Zile aina za mapambo za jamii hii zinaweza hata kupandwa kwa jani. Kata jani vipande vya urefu wa kiganja, weka alama upande wa chini, kausha, na upande bila kugeuza juu kuwa chini. Lakini kama jani lina ukingo wa manjano, watoto wa jani watatoka kijani kitupu. Ukitaka manjano ibaki, gawa shina.

Mnyaa hupandwa kwa tawi. Huu una maziwa ya hatari, yakiingia jichoni yanaweza kuharibu macho. Kata ukiwa umegeuza uso, watoto wawe mbali, chovya mkato ndani ya maji mpaka maziwa yakome, kisha kausha. Yakikuingia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kungoja na uende hospitali.

MIMEA TUSIYOPASWA KUENEZA

Si kila kinachoota kwa urahisi ni baraka. Mpungate, ule ambao wengi huuita kaktasi, uliletwa nchini zamani za ukoloni kwa ajili ya ua na mapambo. Leo umefunika sehemu kubwa za malisho ya Laikipia. Kila kipande kikianguka kinatoa mizizi. Mbuzi wanakula matunda yake, vile vimiiba vidogo vinawachoma mdomo na tumbo, na wengine hufa. Tangu mwaka 2014 huko Laikipia wamekuwa wakitumia mdudu mdogo anayefyonza mpungate ili kuudhoofisha, lakini ni kazi ya miaka mingi. Ukiwa nao kwenye mkebe, usitupe vipande vyake korongoni. Zika kwa kina au choma mpaka viishe.

Vile vile ule mmea wa maua mekundu yanayoning'inia kama kengele, ambao hutoa vitoto vidogo kwenye ncha za majani. Vinaanguka na kuota kila mahali, na ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Usiugawie jirani, hata akiusifu.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA NYINGI

Shubiri yangu imegeuka nyekundu, imekufa?
La. Mara nyingi ni jua kali au kiu baada ya kutolewa kivulini. Itarudi kijani ikizoea.

Majani yamekuwa laini na kama yana maji maji, nifanye nini?
Huo ni uozo. Ing'oe leo, kata mpaka ufike mahali pasafi, paka majivu, kausha siku kumi, panda tena kwenye udongo mpya.

Nimeona vidudu vyeupe kama pamba.
Panguza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia kila wiki mpaka viishe, na uutenge mmea huo na wenzake.

Naweza kunywa shubiri?
Ule utomvu wa manjano unaendesha tumbo kwa nguvu. Mama mjamzito na watoto wasinywe kabisa, na mgonjwa aulize daktari. Hata kwa kuku, shubiri haichukui mahali pa chanjo.

MPANGO WA KIKUNDI

Tunapendekeza hivi. Kikundi kitenge kitalu kimoja kidogo, kanisani au kwa mwanachama mmoja. Mwenye shubiri yenye watoto alete wachache. Kila mwanachama apewe wawili, kwa ahadi kwamba wakikua na kuzaa atarudisha wawili kitaluni, ili wapewe wengine wasio nazo. Katibu aandike kwenye daftari: nani alichukua, lini, na kutoka kwa mama yupi. Tuseme kikundi kina watu kumi. Wakianza na ishirini, na kila mmea ukizaa watoto watatu tu, hiyo ni sitini. Wakirudisha ishirini, bado arobaini imebaki kwenye maboma yao. Na hapo hakuna aliyepanda mlima na jembe.

Baadhi ya vikundi vinaweza kufanya zaidi, kurudisha miche michache ya mbegu kwenye mteremko ule ule ulioharibiwa. Ila iwe ni ya aina ile ile iliyokuwa pale, si ya kutoka mbali, na mzee wa mtaa ajulishwe.

Wazee wetu walituachia mlima wenye shubiri bila kutuandikia risiti. Sisi nasi tuwaachie wajukuu. Jumapili hii ukitoka ibadani, pita nyuma ya nyumba yako, angalia ile shubiri iliyosongamana. Chukua kisu, tenga watoto wawili, walaze kivulini. Jumapili ijayo, jeraha likiwa limekauka, mmoja mpande na mwingine mpelekee jirani.